Meno ya Kijibwa: Umkataze Kabisa au Umfundishe Kupunguza Nguvu?

Ukileta mtoto wa mbwa nyumbani, iwe Uyole, Kihesa au Makambako, wiki haiishi hujapewa ushauri wa kila aina. Jirani anakwambia mpige kibao cha mdomo kila aking'ata. Shemeji anakwambia mwache, tena mchokoze, maana mbwa asiyeng'ata anakula ugali wa bure. Halafu kijana wa nyumbani anakuonyesha video kwenye simu: mzungu amekaa sakafuni, kijibwa anamtafuna vidole, naye anaeleza kwamba hiyo ndiyo shule yenyewe. Kati ya hao watatu, wa video ana hoja nzito kuliko anavyoonekana. Ila hoja yake haikutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa nyumba ya Mbeya wenye watoto saba na geti lisilofungwa, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Kwanza meno yenyewe. Kijibwa ana meno ya utoto 28, yanayoanza kuchomoza akiwa na wiki kama tatu, nayo ni makali kama miiba ya michongoma. Taya lakini bado ni dhaifu. Ndiyo maana anauma sana na kujeruhi kidogo. Akiwa anacheza na ndugu zake, akimbana mmoja sikio kwa nguvu, yule analia na mchezo unakufa hapo hapo. Mama naye akibanwa chuchu anainuka na kuondoka. Kwa hiyo mbwa anapata somo la nguvu ya mdomo wake wakati ambapo hawezi bado kumvunja mtu mfupa. Kuanzia miezi minne hivi meno hayo yanadondoka, na kufikia miezi sita au saba anakuwa na meno 42 ya kikubwa na taya la kuyatumia.

Mtu aliyeieneza duniani hoja hii ya kumfundisha kijibwa kupunguza nguvu ni Ian Dunbar, daktari wa mifugo Mwingereza aliyefanya kazi yake kubwa Marekani. Anasema usimkataze kijibwa kung'ata kwa mkupuo. Anza kwa kulalamikia zile ng'ata kali tu: toa sauti ya kuumia, acha kucheza, geuka au ondoka kwa muda mfupi, kisha rudi. Akishajua kwamba kali zinaua mchezo, kataa na zile za wastani, halafu zilizo nyepesi zaidi, mpaka abaki anakugusa tu kwa mdomo. Baada ya hapo ndipo unamfundisha kuacha kabisa. Sababu yake ina akili. Mbwa yeyote, hata yule anayelala na paka, anaweza siku moja kukanyagwa mkia au kuguswa kidonda. Siku hiyo atang'ata, na swali linalobaki ni kwa nguvu gani. Dunbar amepanga ngazi sita za kung'ata, ya chini kabisa ikiwa mbwa anayetisha bila meno kugusa ngozi, na ya sita kifo. Katika ngazi ya pili meno yanagusa bila kutoboa. Katika ya nne yanaacha matundu ya kina. Mbwa wa ngazi ya pili na wa ngazi ya nne wanaweza kuwa wamekasirika sawasawa. Kwa Dunbar, kinachowatenganisha ni walichojifunza wangali wadogo.

Jirani wa kibao hatuchukui muda naye. Kijibwa anayepigwa mdomoni hujifunza kuogopa mkono, na wengine huuchukulia mkono huo kama mchezo na kuurukia zaidi. Mbaya kuliko yote, anayepigwa kila anaponguruma anaacha kunguruma, akabaki na kung'ata peke yake bila kukuonya. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hata bila sheria, kibao ni njia mbovu kwa sababu haifanyi kazi.

Upande wa pili unaostahili kusikilizwa ni wa wafundishaji wanaosema: jino lisiguse ngozi ya mtu tangu siku ya kwanza, na bila kipigo. Kijibwa akija na mdomo, mpe kitu cha kutafuna, kamba ya katani au kipande cha ngozi, na akiendelea, simama au ondoka. Wanaukumbusha upande wa Dunbar kwamba hoja ya kupunguza nguvu imesimama zaidi kwenye uzoefu wa wafundishaji kuliko kwenye majaribio yaliyopimwa. Pia kuna vijibwa ambavyo ukilia "aah!" ndiyo kwanza unaviwasha.

Hapa kwetu upande huu wa pili unapata nguvu ambazo hauna kule ulikotoka. Njia ya kupunguza nguvu hatua kwa hatua inahitaji hakimu mmoja: mtu mzima mwenye muda, anayekumbuka jana alikubali kiasi gani na leo amepunguza kiasi gani. Katika nyumba nyingi za Iringa na Mbeya mbwa ana mahakimu kumi. Yupo dada wa kazi, yupo babu, wapo watoto wa shule na wa jirani, na fundi anayekuja kuangalia bomba. Mmoja anacheka aking'atwa, mwingine anapiga teke. Kanuni ya "meno hayamgusi mtu" inaeleweka na wote. Hata mtoto wa darasa la kwanza unaweza kumwambia: aking'ata, simama kama mti, kunja mikono, usikimbie, muite mama. Kumwambia mtoto huyo huyo apime nguvu ya jino ni kumtwisha mzigo wa mtu mzima.

Na kuna kichaa cha mbwa, jambo ambalo video nyingi za Ulaya hazina haja ya kuligusa. Ugonjwa huu huja kwa mate, na mchubuko mdogo unatosha. Chanjo yake kwa mbwa kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu, maana yake kipindi kizuri cha kumfundisha mdomo kwa kiasi kikubwa kinapita kabla hajachanjwa. Kijibwa anayefungiwa uani na mama aliyechanjwa ni hatari ndogo sana. Aliyeokotwa sokoni Mwanjelwa, au anayezurura na mbwa wa mtaa, ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kwa hiyo jino la kijibwa asiyejulikana likichubua ngozi, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa kijibwa wa namna hiyo, mjadala wa nguvu ya kung'ata usubiri kwanza.

Liko jambo dogo la nyanda za juu ambalo sijaona likitajwa. Juni na Julai, Makete na Njombe, watoto wanashinda na masweta, na kijibwa anaingizwa jikoni karibu na moto. Anang'ata mkono wa sweta kwa nguvu zake zote na hakuna anayelia, kwa sababu hakuna anayeumia. Anajifunza kwamba kubana kwa nguvu hakuna gharama. Jua likirudi na sweta likavuliwa, mtoto analia na watu wanasema mbwa amebadilika. Nguo ihesabiwe kama ngozi, yupo anayeumia au hayupo.

Sasa shemeji. Simcheki, maana wizi wa parachichi mashambani Njombe na Rungwe si hadithi, na mwenye shamba anataka mbwa wa kuogopwa. Lakini kazi kubwa ya mbwa wa ulinzi ni kubweka, na mwizi mzoefu haji kupigana na meno, anakuja na nyama yenye sumu. Mbwa aliyefundishwa kupima mdomo haachi kubweka wala kusimama getini. Anachopungukiwa ni uwezekano wa kumtoboa mguu mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Wanaomtia pilipili au kumfungia gizani ili awe mkali wanapata mbwa mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu hachagui kati ya mwizi na shangazi.

Hata hivyo, pande zote zinajadili somo lililoanza kuharibika kabla kijibwa hajafika kwako. Wengi wetu tunawachukua wakiwa na wiki nne au tano. Mwenye mbwa mama anataka kupunguza idadi bandani, na simlaumu: kuwalisha mama na watoto sita uji, dagaa na maziwa mwezi mmoja zaidi ni pesa. Ila wiki hizo ndizo ambazo ndugu zake wangemfundisha bure kile unachokwenda kuhangaika nacho kwa vidole vyako. Kwangu mimi, mnunuzi akichangia chakula cha wiki tatu ili kijibwa abaki na mama mpaka wiki ya nane, atakuwa amefanya zaidi ya mbinu yoyote ya kwenye video.

Na kama umeshamchukua mapema? Hapo namrudia Dunbar, kwa sharti la mtu mzima mmoja anayecheza naye dakika chache asubuhi na jioni, akipunguza nguvu ya mdomo wake kidogo kidogo, huku kila mwingine nyumbani akishika kanuni ya meno hayamgusi mtu. Kama ndugu yake wa tumbo moja yuko nyumba ya tatu, wakutanisheni uani. Msiwapeleke barabarani, kwa sababu ugonjwa wa parvo unaua vijibwa ambavyo havijamaliza chanjo, na virusi vyake hukaa udongoni muda mrefu. Muulizeni bwana mifugo wa kata kwanza kama uani kwenyewe hakukuwahi kufa mbwa kwa kuhara damu.