Maji ya Dar na watu wa Uluguru: nani anamdai mwenzake?

Kila mto Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru mkoani Morogoro na kuipa Dar es Salaam maji, unapopungua, jiji hutafuta wa kumlaumu, na mara nyingi kidole huelekezwa mlimani. Ilikuwa hivyo mwishoni mwa 2021, ikawa hivyo tena Oktoba 2022. Mgao ukaanza, madumu yakapangwa foleni, bei ya boza ikapanda, na vijiweni maneno yakawa yale yale: Waluguru wamemaliza misitu, wanachoma milima, wanalima mpaka kwenye vyanzo. Anayesema hivyo, mara nyingi, hajawahi kufika Matombo wala Kibungo huko mlimani, na kabichi aliyokula jana imetoka Mgeta, huko huko.

Lawama hiyo haikuzuka hewani. Misitu ya miteremko ya chini ya Uluguru imekwisha kwa kiasi kikubwa, na pale Bunduki mashamba yameukata msitu wa kaskazini na ule wa kusini vikawa vipande viwili. Moto wa kuandaa shamba hutoroka kila kiangazi. Udongo ukibaki mtupu kwenye mteremko mkali, mvua kubwa za upande wa mashariki huuporomosha, na mto unaofika mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu unakuwa umebeba tope. Serikali ilipoutangaza msitu uliobaki, hekta zipatazo 24,000, kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, ilikuwa na sababu za msingi, na anayezipuuza hautakii mema mji huu. Msitu ule una ndege na mimea isiyopatikana penginepo duniani.

Ila mazungumzo yetu huishia hapo, kama vile watu wa mlimani ni tatizo linalosubiri kuondolewa.

Kabla ya bomba la kwanza kulazwa, watu wa pwani walijua vizuri mvua yao inatoka wapi. Wazaramo walipokabiliwa na ukame waliwatuma wajumbe mpaka pango la mzimu Kolelo, upande wa mashariki wa Uluguru, na sadaka mkononi. Hata mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, sauti ya Kolelo ilisikika Uzaramo. Na Kinole kuna nasaba ya akina Kingalu, machifu waliosifika kwa kuomba mvua. Sisemi turudi pangoni. Ninachotaka kionekane ni mwelekeo wa safari: wenye shida ya maji ndio waliopanda mlima, walikwenda kwa heshima na hawakwenda mikono mitupu.

Siku hizi kinachopanda mlima ni amri, na amri ina historia yake kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Kila mlipa kodi akalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Mabwana shamba walikuwa wameuona mmomonyoko kwa macho yao, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini sehemu nyingi za mashariki udongo wenye rutuba ni wa juu juu tu. Kuchimba ngazi kulimaanisha kuufukia huo na kuleta juu udongo mfu, halafu kupanda mpunga na mahindi hapo na kungoja mavuno yasiyokuja. Mgeta, kwenye kilimo cha mboga, ngazi zilikubalika vizuri zaidi. Matombo hazikukubalika, na mwezi Julai 1955 watu waliandamana, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Katika historia ya uhuru tunalisimulia tukio hilo kama ushujaa. Linapokuja suala la maji tunawaita wajukuu wa watu wale wale wakaidi.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa wa wakati ule hawakulipa uzito, na wa leo wengi hawalipi. Ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, na ukoo huko unafuata upande wa mama. Mwanamume anaweza kulima maisha yake yote kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, au shamba aliloazimwa na ukoo mwingine, bila kuwa na haki ya kupanda mti wa kudumu. Mti ni dai: aliyeupanda ataambiwa anataka kulichukua shamba, na ngazi ya kudumu huingiza hofu ile ile. Kwa hiyo tunapopeleka miche na kukuta imenyauka, tusikimbilie kusema ni uvivu. Tuulize kwanza shamba ni la nani, na nani alishirikishwa. Mwenye neno la mwisho huenda ni bibi fulani wa ukoo ambaye hakuitwa kwenye semina. Utaratibu huo huo wa koo ndio ulioacha vichaka vya matambiko na makaburi visiguswe na panga kwa vizazi, bila askari wa misitu.

Sasa tufanye hesabu. Mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa 1959, na Ruvu Chini ya 1976, baada ya kupanuliwa ina uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, jumla milioni 466. Hizo ni uniti 466,000, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Tukiweka shilingi moja tu juu ya kila uniti, kwa ajili ya wakulima wa mlimani, kwa mwaka tunapata shilingi milioni 170. Tuseme nusu ya maji yanapotea njiani au hayalipiwi. Bado ni milioni 85. Tukiweka shilingi kumi, hata baada ya kuikata nusu hiyo, ni milioni 850 kila mwaka, na mteja anayelipa zaidi ya shilingi elfu moja kwa uniti hatahisi tofauti. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara naishia kujiuliza kwa nini tunaona rahisi kulipa boza kuliko kulipa shilingi hizo.

Wazo lenyewe limekwisha kujaribiwa. Miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi katika vijiji vya Kibungo Juu, ambako wakulima walilipwa kwa kuchimba ngazi na kupanda miti, na miongoni mwa walipaji walikuwamo DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na Coca-Cola. Ngazi zile zile zilizomwaga damu 1955 zilichimbwa kwa hiari, kwa sababu safari hii kulikuwa na malipo, mbolea na mazungumzo. Wanaopinga wana hoja nzito: mradi ulitegemea wafadhili, vijiji vilikuwa vichache, na ni vigumu kupima ni lita ngapi za maji safi zimetokana na ngazi za mkulima mmoja. Wanaongeza kwamba mamlaka ya maji tayari inalipa tozo kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa hiyo mteja asilipishwe mara mbili. Hilo la mwisho nalikubali nusu. Tozo ipo, lakini ikiishia kwenye ofisi na doria, mkulima ataendelea kuiona serikali kwa sura ya askari tu. Ugumu wa kupima ni wa kweli. Hata hivyo, hatukuhitaji vipimo vya namna hiyo tulipowalaumu.

Sasa matumaini ya jiji yako kwenye bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190, zinazotosha kulisha mitambo hiyo miwili kwa zaidi ya mwaka. Linahitajika, sina ubishi. Lakini litakaa chini ya miteremko hiyo hiyo, na tope la Uluguru litaingia humo kila masika na kula nafasi ya maji. Kulizoa kutagharimu, na gharama itawekwa kwenye bili zetu. Kwa hiyo fedha hizi tutazitoa tu, ama kwa mama mwenye shamba Kibungo sasa, ama kwa mkandarasi mwenye mtambo wa kuzoa tope baadaye.