Samaki Wapae

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi katika kisa chote.

Mwaka 2007 nilipangiwa kazi Pangani. Kwetu ni Makete, huko milimani, siku hizo bado tukiwa mkoa wa Iringa, ambako mwezi wa saba mtu anavaa makoti mawili na bado anaota moto. Samaki niliyemjua utotoni ni usipa wa Ziwa Nyasa, anayefika akiwa mkavu kama njiti. Samaki mbichi, mwenye macho ya kukutazama, nilimkuta ukubwani. Lakini Kiswahili nilikuwa nacho, tena kwa cheti. Nikashuka pwani na sanduku langu la bati kwenda kuwafundisha Kiswahili watu walionyonya nacho. Walinipokea kwa heshima kubwa mno, na mtu mwerevu angeanza kushtuka hapo hapo.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, mwenye nyumba ya zamani ya kuta nene na paa la bati lililoliwa kutu. Kodi na chakula nililipa pamoja, kwa hiyo nikawa kama mtoto wa nyumba. Yeye aliniita "Mwalimu mwanangu". Mimi nilijifunza kuitikia "Hewala, mama", neno nililoliokota sokoni na kulitumia hata pasipotakiwa.

Wiki yenyewe, darasani, tulikuwa kwenye utata wa maneno. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: PAA. Nikawaambia kidato cha pili kwamba kineno hiki cha herufi tatu kina maana tatu. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Paa ni mnyama mdogo wa jamii ya swala. Na paa ni kwenda juu, kama ndege anavyopaa, kama bei ya sukari inavyopaa, kama kule kanisani kwetu tunavyokuwa na Sikukuu ya Kupaa siku ya 40 ya Pasaka. Nikapigia mstari. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa mvuvi, akanyoosha kidole. Kengele ikalia. Nikamwambia, "Utauliza kipindi kijacho," nikafuta ubao kwa madaha.

Jumamosi yake mama akapata taarifa ya msiba ng'ambo ya mto, Bweni. Akajitanda kanga haraka haraka awahi kivuko. Mjukuu wake alikuwa chuoni, Kurani. Ndani ya nyumba nimebaki mimi, paka, na beseni la samaki: changu sita, wadogo, wa kutosha kiganja.

"Mwalimu mwanangu," akasema akiwa mlangoni, "hao samaki wapae. Kisha watie chumvi na ndimu, nikirudi niwakaange."

"Hewala, mama."

"Wapae vizuri, mmoja mmoja. Na uangalie, ngozi isichanike."

Akaenda zake.

Nikabaki natazamana na wale changu. Sasa, naomba hapa nieleweke. *Wapae*. Sarufi haikuwa na tatizo: wa- ni wao, samaki, -pa- mzizi, -e ya dhamira tegemezi. Samaki na wapae. Waende juu. Kwa nini samaki waende juu? Nikakumbuka usipa wa kwetu, wanavyotandazwa juani kwenye vichanja. Nikakumbuka na ng'onda niliowaona ufukoni wakianikwa. Juu zaidi ndani ya ua ule palikuwa wapi? Nikainua macho. Paa. Maana mbili za ubaoni zimekutana zenyewe, tena kwa mpangilio mzuri! Nilijisikia fahari kidogo.

Na lile la ngozi kuchanika nalo likaingia mahali pake. Bati lina kutu.

Ningeweza kumkimbilia kivukoni nikamuuliza. Au ningemuuliza mtu yeyote anayepita njiani, hata mtoto wa miaka sita. Lakini mwalimu wa Kiswahili aende akamuulize mtoto wa miaka sita neno la Kiswahili, Jumatatu asimame darasani na uso upi?

Niliona chumvi na ndimu zitangulie, kwa kuwa kule juu sitakuwa na meza. Nikawapaka, nikawabandika na vipande vya ndimu mgongoni, wakapendeza. Nikapanda mwembe, beseni begani. Ilikuwa karibu saa saba mchana, na bati la Pangani saa saba ni kikaango. Nikatambaa kwa magoti nikiwapanga mmoja mmoja, kama nilivyoagizwa, nimewatandikia gazeti ili ngozi isichanike.

Mzee wa jirani alikuwa barazani kwake anashona nyavu. Akainua kichwa.

"Mwalimu! Wafanya nini huko?"

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa samaki wapae."

"Marahaba." Akanyamaza. Sindano ikasimama hewani. "Na kisu?"

"Kisu cha nini, mzee?"

Hakujibu. Akaweka nyavu chini, akavuta kigoda chake hadi mahali penye kivuli ambapo ananiona vizuri, akakaa. Leo hii bado sijamsamehe sawasawa.

Nilishuka nikanawa, nikaketi chini ya mwembe na kitabu. Sikumaliza ukurasa. Juu ya bati nikasikia ko, ko, ko, kama mtu mwenye viatu vya soli ngumu.

Kama hujaishi pwani humjui kunguru yule mweusi mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka zilikuwa nyingi na yeye akawa mwingi zaidi, akavuka hadi bara, na tangu hapo haogopi mtu wala serikali. Nilipofika kwenye tawi la kwanza walikuwa wanne. Nilipofika bati walikuwa ukoo mzima. Changu wawili walikwisha ondoka. Watatu wakaondoka mbele ya macho yangu, mmoja akivutwa na kunguru wawili, kila mmoja na upande wake. Nilipiga kelele, nikarusha kiatu. Kiatu kikatua kwa jirani. Wa sita alichukuliwa na paka, aliyekuwa amenifuata juu kimya kimya tangu mwanzo.

Samaki wakapaa. Agizo lilitimia neno kwa neno.

Mama alirudi kabla ya alasiri. Aliingia taratibu, mkononi ana kitu kwenye pembe ya kanga.

"Mwalimu mwanangu, nimemkuta changu njiani. Ameanguka kutoka mbinguni, kidogo anitue kichwani."

Akafunua. Kipande cha ndimu kilikuwa bado kimeganda mgongoni.

"Ametiwa chumvi," akasema.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nikataja hata dhamira tegemezi. Mjukuu alikuwa amerudi chuoni. Akaanza kucheka, akakaa chini, mwisho akalala kabisa sakafuni. Mama hakucheka. Aliuma pembe ya kanga, mabega yakawa yanatikisika, na kule barazani nikamsikia mzee wa jirani akikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

"Njoo," mama akasema, "ukae hapa."

Akamshika changu mkia, akachukua kisu, akakivuta kinyume, kutoka mkiani kwenda kichwani, *krrr*. Magamba yakaruka kama cheche: yakamganda mikononi, moja likanitua shavuni, mengine yakabaki yanameremeta kwenye kanga. "Huku ndiko kupaa samaki. Wengine husema kupara. Ninyi huko kwenu mwasemaje?"

Nilisema kwetu tunakwangua. Nilisema kwa sauti ndogo.

Alipomaliza akachungulia jiko, makaa yamezimika, na kibiriti kimekwisha. Akaniokotea kigae cha chungu kilichovunjika. "Haya, kapae moto kwa jirani."

Nilisimama na kile kigae. Naapa nilitaka kufikiri kwanza. Lakini shingo ilikwisha inuka yenyewe, ikatazama juu ya bati.

"Lete, Mwalimu," mjukuu akaninyang'anya kigae. Akatoka mbio, akarudi na makaa matatu mekundu. Kumbe kuchota moto nako ni kupaa. Changu mmoja tukamgawana watatu, kwa wali na mchuzi wa nazi, na mimi nikapewa kichwa, kwa heshima ya elimu.

Jumatatu niliingia darasani mapema. Habari iliwahi kabla yangu. Darasa lilikuwa kimya mno, kimya cha watu wanaobana mbavu. Nikaandika PAA ubaoni, nikaandika maana ya nne na ya tano bila kugeuka. Nilipogeuka, kidole kilikuwa juu, dawati la nyuma, palepale nilipokiacha.

"Haya, ulitaka kuuliza."

Mtoto wa mvuvi akasimama, uso mkavu kabisa.

"Hiyo ya nne, Mwalimu," akasema. "Tunaomba ututungie sentensi."