Tumechoka Kuonyeshwa Mikia

Wiki hii imesambaa tena picha ya kundi la chekeamwezi, ndege wadogo wa ufukweni, wakiruka juu ya tope la hori la Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, na wapenzi wa ndege, wakiwamo watu ninaowaheshimu, wameisifu kana kwamba mpigaji wake ametenda muujiza. Mimi nimeona mikia. Ndege wote wameipa kamera mgongo, na kwa yeyote aliyewahi kujilaza kifudifudi ufukweni jambo hilo lina maana moja: mtu amewatimua.

Sina ugomvi na wanaopiga picha kutoka chini. Kamera ikishushwa hadi usawa wa kifua cha ndege, mikoko ya ng'ambo hufifia ikabaki rangi tupu, na mwanga wa asubuhi unaogonga tope bichi hurudi juu ukaangaza upande wa ndani wa mabawa, ule ambao huonekana mweusi ndege akishapanda juu ya vichwa vyetu. Wanaodai kwamba lenzi ndefu inatosha na waendelee kutuletea matumbo.

Lakini kujilaza si ruhusa ya kutambaa mpaka ndege wakimbie. Kazi ya kuwasogeza ni ya maji. Yanapojaa, hasa siku za bamvua, yaani maji makuu, tope hufunikwa upesi na ndege hurudishwa kidogo kidogo kuelekea ukingoni, hivyo aliyetangulia kujilaza mahali pake huletewa ndege bila ya kuinua kidole. Atalowa, bila shaka, na alowe. Kisha kuna upepo. Ndege hupenda kuruka akiukabili upepo, na miezi ambayo ndege hawa wahamao wako kwetu kwa wingi ni miezi ya kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo mpiga picha anayeipa mashariki kisogo asubuhi hupata jua nyuma yake na ndege wakimjia usoni, mabawa yamekunjuka na macho yanang'aa. Manahodha wa majahazi walioishi kwa upepo huohuo wangetushangaa sisi tunaobeba kamera za bei ya ng'ombe kadhaa na hatujui unavuma kutoka wapi. Kasi ya shata, kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga kwenye kamera, iwe 1/2000 ya sekunde, jicho limfuate ndege mmoja wa pembeni, na subira iwepo mpaka anyooshe shingo au aachie kinyesi, maana mara nyingi hiyo ndiyo hodi yake ya kuruka.

Nani anaumia ndege wakitimuliwa? Chekeamwezi wenye mdomo uliopinda huzaliana Siberia, kwenye tundra ya Aktiki, na kabla ya kuondoka kwetu mwezi wa Aprili au karibu yake lazima wajijaze mafuta kutoka kwenye tope ambalo liko wazi kwa saa chache tu kila maji yanapokupwa. Ndege mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi, hutaga yai moja ndani ya shimo la mchanga huko Oman, Iran na pwani za jirani, kisha huja kwetu na kinda ambaye bado humfuata akiomba chakula. Kila mbio za mpiga picha huwala mafuta waliyoyatafuta siku nzima.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kipanga naye huwatimua. Lakini kipanga akishindwa huenda zake. Harudii kwa sababu wingu lilifunika jua. Nakubali pia kwamba mwongoza wageni anayepiga makofi hufanya hivyo kwa kuwa mteja ameomba, na bahashishi ndiyo unga wa nyumbani kwake, kwa hiyo lawama yangu ni kwa mteja.

Waamuzi wa mashindano ya picha nao waache kujifanya hawaoni. Picha ya kundi linaloruka ikiletwa, wadai na fremu zilizoitangulia, zile ambazo ndege bado wako chini, na wakikuta vichwa vyote vimeinuliwa kuitazama kamera, waiondoe.