Wanatanga, tupande Amani, lakini tuache njia za mkato

Muulize mtu wa Tanga mjini atampeleka wapi mgeni wake. Atakutajia Raskazone, atakutajia Mapango ya Amboni, na akiwa na nafasi zaidi atasema Pangani. Amani, ile milima ya msitu ya Usambara Mashariki kule Muheza, haimo kabisa. Tumeizoea ile milima kuwa ni ya watafiti na ya wazungu wenye mabegi mgongoni, na sisi kazi yetu ni kuwapita pale stendi ya Muheza tukienda kununua machungwa.

Hili linaniuma, kwa sababu maji tunayokunywa mjini yanatoka huko. Mto Zigi unakusanya vijito vya Usambara Mashariki, unateremka mpaka bwawa la Mabayani, na hapo ndipo maji yanapochukuliwa kuja Ngamiani, Chumbageni na Makorora. Mtu anaweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuzeeka Tanga bila kuweka mguu kwenye mlima unaomnywesha. Napenda kila Mtanga mwenye miguu mizima aupande, hata mara moja.

Na ni mlima wa kupanda kweli. Pale Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, uko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Amani yenyewe iko karibu mita 900. Gari linazunguka na kona zake, ila vijia vya miguu vinapanda juu ya mgongo wa mlima, na kuna mahali magoti yanakaribia kugusa kidevu. Udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi, na ukilowa unateleza mno. Mizizi ya miti imepita juu ya njia, na watu wasiozoea huikanyaga wakidhani ni ngazi. Mzizi uliolowa usiukanyage. Weka mguu nyuma yake, kwenye udongo, uusimamishe wayo wote, hatua fupi, fimbo mkononi. Wenyeji hawapandi kwa pupa. Wanakwenda mwendo mmoja toka chini mpaka juu, na wewe uliyeanza kwa mbio utawakuta wamekusubiri kwenye kigongo.

Kushuka ndiko kunakochosha magoti. Hapo geuza mwili ubavu kidogo, usiutupe uzito wote mbele.

Kuna adabu ya njia pia, nayo haijaandikwa popote. Mwenye mzigo hupishwa. Utakutana na mama anashuka na kikapu cha iliki au pilipili manga kichwani, mikono yote miwili huru, macho yako kwenye nyayo. Unasogea upande wa mlimani, unasimama, unasema "Shikamoo mama", anakujibu "Marahaba mwanangu" bila kusimama, kwa sababu akisimama kwenye mteremko ule mzigo utamvuta. Mtu anayeniambia kupanda milima ni mambo ya kizungu, mimi humfikiria mama yule. Njia ile ameichonga yeye na waliomtangulia, kwa miguu, wakiwahi soko.

Sasa nije kwenye neno langu hasa. Njia ya mlimani inapinda kwa sababu. Ikienda kushoto kisha ikarudi kulia, inapunguza ukali wa mteremko, na maji ya mvua yanapoifuata yanakosa kasi. Anakuja kijana mwenye haraka, anaona kona ile inamchelewesha, anakata moja kwa moja kwenda chini kupitia majani. Wa pili anamfuata. Baada ya wiki kadhaa majani yamekufa na mstari mwekundu umebaki. Masika ikianza, maji yanaacha njia yanaingia kwenye mstari ule, kwa kuwa maji nayo yanapenda mkato. Yanachimba. Mwaka unaofuata ni mfereji wa kufika magotini, mizizi iko nje inaning'inia, na udongo uliokuwa pale umeshakwenda kijitoni, kijito kimeupeleka Zigi, na Zigi imeuleta Mabayani. Tope linakula nafasi ya maji bwawani, na maji yenye tope yanataka dawa nyingi zaidi kusafishwa. Kule Amani mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo maji ya kuchimba hayakosekani.

Najua nitajibiwa. Kwamba matope ya Zigi hayaletwi na wapanda milima. Ni kweli, sehemu kubwa haitoki kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walikimbilia dhahabu kule Sakale, wakachimbua kingo za vijito. Kabla ya hapo, miaka ya 1970 na 1980, msitu ulivunwa mbao kwa mashine. Mashamba ya kwenye miteremko nayo yamechangia. Lakini wakulima wa huko juu wameshajikusanya katika umoja wao, UWAMAKIZI, kwa ajili ya kuhifadhi mabonde ya Kihuhwi na Zigi. Mkulima mwenye shamba dogo akubali kuacha kulima kando ya mto kwa ajili ya bomba la mtu wa Chumbageni, halafu mtu wa Chumbageni akija kutembea Jumamosi ashindwe kufuata kona ya njia? Haiwezekani. Huo ni utovu wa shukrani.

Msitu huu una umri ambao akili inapata shida kuubeba. Bahari ya Hindi iko kama kilomita 40 tu, pepo zake zimeinyeshea milima hii hata nyakati ambazo nchi za chini zilikauka, na msitu ukabaki kama kisiwa. Ndani yake mimea na wanyama wakachukua njia yao wenyewe. Lile ua la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya, Saintpaulia, asili yake ni huku. Lilichukuliwa Tanga mwaka 1892 na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa hapa. Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, mara nyingi kando ya maji. Mmea mdogo, mizizi imeshika kiganja cha udongo juu ya jiwe. Buti moja lililoteleza nje ya njia linatosha kuukwangua.

Kwa hiyo chukueni mwongozaji wa kijijini, na mlipeni bila kuvutana bei. Msione kama ni kodi. Yeye ndiye atakayekuonyesha miti ya asili kama mtambara na msambu, na atakuonyesha pia msizi, mti ulioletwa ukapandwa, sasa umejaa kila uwazi wa msitu kwa sababu ndege hondohondo wanakula matunda yake na kutawanya mbegu. Peke yako utaona miti tu. Na akikuambia "hapa tunazunguka", zunguka.

Nendeni kuanzia Juni hadi Septemba, njia ikiwa imekauka kiasi. Aprili na Mei uacheni mlima upumzike.

Wakala wa Huduma za Misitu nao nawaomba jambo dogo: pale njia za mkato zilipokwisha kuota, zizibwe kwa magogo na matawi, na kwenye mipando mikali ziwekwe ngazi za mbao na vifereji vya kutoa maji pembeni. Vijana wa vijiji vya Amani wanaweza kuifanya kazi hiyo wakalipwa. Na walimu wa shule za Tanga mjini, basi la wanafunzi linalokwenda Amboni kila mwaka, mwaka mmoja lipite Muheza lipande Sigi. Watoto wavae viatu vyenye meno, waanze asubuhi, na mwalimu mmoja atembee nyuma kabisa, maana wanaokata kona ni wale wa mwisho wanaotaka kuwafikia wenzao.