Hamburg imenikumbusha Itungi

Mwaghonile, ndugu zangu wa Kyela, Rungwe na Mbeya yote.

Juzi nilienda Hamburg, mji wa bandari ambao kila Mei husherehekea siku ya kuzaliwa kwa bandari yake, wakihesabu tangu mwaka 1189. Niko huku Ujerumani mwaka wa sita, lakini sikuwahi kufika. Gatini imefungwa Rickmer Rickmers, meli ya matanga ya mwaka 1896, milingoti mitatu, ubavu wa kijani. Ndani nilimkuta baba mmoja amechuchumaa, anamwonyesha mwanawe jinsi kamba inavyoshika tanga. Mtoto akaishika mwenyewe. Mimi nikakumbuka Itungi, bandari yetu ya Kyela kwenye Ziwa Nyasa, nikanyamaza.

Yale maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt, yaliyohifadhi kahawa na chai za watu wa mbali kama sisi wa Mbozi na Tukuyu, yameingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2015. Maghala tu!

Sisi tuna nini cha kumwonyesha mtoto? Tunacho, tena kingi. Agosti 1914, pale Liuli, Waingereza waliishambulia kwa mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na siku chache tu, na tayari imefika Ziwa Nyasa. Shuleni sikusikia hata neno moja la habari hiyo.

Na Matema, ufukweni mwa ziwa hilo hilo, je? Wakisi, wafinyanzi wa kijiji cha Ikombe, huleta vyungu sokoni kwa mtumbwi, kimepangwa hiki juu ya kile, majani katikati visigongane. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama mmoja amekaa katikati ya mzigo wake, hajitikisi, mpaka mtumbwi ulipogusa mchanga. Ule ni ubaharia kamili, na ningeuweka mbele ya meli yoyote niliyoiona Hamburg.

Najua makumbusho yanataka fedha, na kijijini bado kuna shida ya maji na dawa. Ila kumsikiliza mzee hakuhitaji bajeti. Baba yangu mdogo alifanya kazi kwenye meli ya MV Songea; anazijua dhoruba za ziwa hili moja moja, na umri umekwenda. Desemba nikija nitakaa naye, nimrekodi kwa simu. Wewe uliye jirani na Itungi, una mzee wako pia. Usiingoje Desemba yangu.