Namdai kocha dakika ishirini

Shemeji yangu ni K'Ogalo wa Kondele, yaani shabiki wa Gor Mahia; mimi ni Ingwe wa Shinyalu, shabiki wa AFC Leopards. Dada yangu aliolewa Kisumu, kwa hivyo kwetu Debi ya Mashemeji, mechi ya timu hizo mbili, hatuisomi gazetini, tunaila mezani. Siku hiyo dada hupika mapema, akatufunikia chakula, akaenda kanisani hata kama hakuna ibada.

Baada ya debi moja tuliyofungwa, shemeji alisubiri nimalize ugali ndipo akauliza, kwa upole wa mtu aliyeshinda: "Shem, kwani nyinyi mnataka nini kwa kocha? Hata jina lake hamjalizoea, mshampiga kalamu."

Nikamjibu kwa hasira kwamba tunataka ligi. Nilipopanda matatu ya kurudi Kakamega jibu lile likaanza kunikereketa, kwa maana halikuwa kweli. AFC Leopards walichukua ligi mara ya mwisho 1998. Aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, hajawahi kuona klabu yake ikiinua kombe hilo, na bado ananunua tiketi. Kama ni ligi iliyokuwa imetushika, tungekuwa tumeshahamia klabu ya Tusker zamani.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba hapa simzungumzii meneja wa timu, yule ndugu wa kubeba leseni za wachezaji na kuhesabu jezi. Namzungumzia kocha, mwenye kupanga kikosi na mwenye kulaumiwa.

Ninachomdai ni dakika ishirini. Kufikia dakika ya ishirini, mimi niliye kwenye jukwaa na karanga mkononi niweze kumwambia jirani yangu tunajaribu kufanya nini. Tunawabana juu? Tunawaachia mpira halafu tunakimbia nyuma yao? Beki wa kushoto anapanda kwa makusudi au amepotea njia? Nikishaona nia, hata tukifungwa mbili naenda nyumbani nikila karanga zangu. Kinachouma ni kutazama watu kumi na mmoja wanaopigiana mpira kama wamekutana asubuhi hiyo kwenye steji.

Kipimo changu ni wapiga isikuti, ngoma zetu Waluhya. Ingwe wakicheza Bukhungu, uwanja wa hapa Kakamega, mimi hukaa karibu nao. Kuna mzee mmoja wa ile ngoma kubwa, sijui jina lake na sijawahi kumuuliza. Timu ikishikana, kiungo akageuka na mpira na winga tayari ameshaanza kukimbia, viganja vya mzee hupanda kasi kabla sisi wengine hatujasimama. Timu ikipoteana, hupiga pole pole, halafu anaibana ngoma katikati ya magoti na kuanza kutafuta simu mfukoni. Nimemwona akiibana tukiwa tunaongoza. Nimemwona akipiga hadi jasho likidondoka kwenye ngozi ya ngoma tukiwa nyuma bao moja. Wachambuzi wa redioni wana takwimu zao, mimi namtazama yule mzee.

La pili ninalomdai kocha ni dogo, na ajabu ni kwamba huwashinda wengi. Akishindwa, aseme yeye. Kuna kocha mmoja aliyetufundisha ambaye kila kichapo kilikuwa na mtu wa nje: wiki hii refa, wiki ijayo nyasi, halafu mvua. Mvua! Hapa Kakamega, ambako mvua ya alasiri ni kama adhana. Mtu wa jukwaani amefunga duka mapema, amelowa, amepanda boda ya kurudi kijijini usiku. Akiambiwa mvua ndiyo iliyotufunga anajua amefanywa mtoto.

Sasa nije kwetu mashabiki, maana sisi nasi tuna deni.

Jumamosi kibanda cha video hapa mjini hujaa watu wa Arsenal hadi wengine wanachungulia dirishani. Mikel Arteta alikabidhiwa timu ile Desemba 2019. Alimaliza ligi nafasi ya nane, na msimu uliofuata nafasi ya nane tena. Wapo waliomtukana, sikatai, na mimi nilikuwemo. Lakini wengi pale kibandani walikuwa wakisema jamaa kuna kitu anajenga, apewe muda, na muda akapewa. Jumapili watu wale wale, wengine wakiwa bado na jezi ya jana, wanafika Bukhungu. Ingwe wamepoteza mbili na kutoka sare moja, wimbo ni mmoja: kocha aende. Muda tunao wa kumpa Mhispania ambaye hatutakutana naye maishani. Huyu aliye hatua thelathini mbele yetu, anayesikia kila tusi, hatuna wa kumpa.

Nami nimewahi kuuimba wimbo huo. Wiki iliyofuata kibarua kikaota nyasi. Sikufurahi kama nilivyotarajia, maana nilitazama kikosi cha kocha mpya kwa dakika ishirini zangu na sikuona chochote. Mtu hawezi kupika kabla hajajua chumvi iko wapi.

Shemeji hakubaliani nami hata kidogo, na hoja yake ina uzito. Gor Mahia walichukua ligi mara saba kati ya 2013 na 2020, na katika miaka hiyo walipita mikononi mwa Bobby Williamson, Frank Nuttall, Dylan Kerr, Hassan Oktay, Steven Polack na wengineo. Msimu wa Nuttall, 2015, hawakupoteza mechi hata moja ya ligi. "Sisi tunabadilisha makocha kama soksi na tunashinda," alinambia. "Subira yenu imewaletea nini?"

Nilikaa kimya, na yeye akadhani amenimaliza. Ukweli ni kwamba sisi hatujawahi kuwa na subira ya kumwonyesha. Wao kila kocha aliyeingia aliikuta nyumba imesimama, akapaka rangi. Sisi kila anayekuja tunamkabidhi mawe na kumuuliza mbona hakuna madirisha.

Halafu kuna pesa. SportPesa, kampuni ya kamari, walipojiondoa kwenye udhamini 2019, klabu zote mbili za mashemeji ziliachwa mahali pabaya, na baadaye Ingwe wakafungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa ajili ya madeni waliyodaiwa na watu waliokuwa wameshaondoka. Patrick Aussems, Mbelgiji aliyekuwa amewafikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akajikuta hapa anapanga vijana kwa sababu hakuna wengine wa kupanga. Hakutupa ligi. Lakini ulizeni watu wa jukwaani ni kocha gani wa miaka hii wanayemtaja bila kukunja uso, jina lake halikosi. Uliona anachotaka. Vijana walikosea pasi ile ile mara tatu, na mara ya nne ikafika.

Nimekuwa nikiyafikiria haya tangu mechi yangu ya mwisho Bukhungu. Kipindi cha pili aliingizwa kijana mwembamba, jezi imemzidi mabega. Mguso wake wa tatu akapokonywa mpira katikati ya uwanja, wapinzani wakaenda nao hadi wavuni. Jukwaa zima likamgeukia kocha. Nyuma yangu mtu akaanza ule wimbo, na nilisikia mdomo wangu ukitaka kuupokea.

Kocha akasimama, akamwita yule kijana pembeni, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia maneno mawili matatu na kumsukuma arudi pale pale. Dakika mbili baadaye kijana akauomba mpira ule ule, mahali pale pale, akageuka.

Upande wangu wa kulia, ngoma kubwa ikaanza.

Tulifungwa bao hilo moja. Nilipofika langoni simu ikalia, ujumbe wa shemeji: "Mshamfukuza?"

Nikamwandikia: "Bado."