Hata asiye na kadi ya chama anahusika

Habari moja ya viwanda vya tumbaku Tabora inadai kwamba mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kuhusu maslahi na masharti ya kazi, utawahusu wenye kadi ya chama peke yao. Si kweli. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamgusa hata asiye mwanachama, mradi chama kimetambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, yaani ndicho peke yake kinachojadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi. Kazi ngumu ni huko kutambuliwa: chama kinatakiwa kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi, hivyo kati ya 120, fomu 60 za uanachama hazitoshi, zinatakiwa 61, na msimu ukifika vibarua wakajaa, hesabu ya jana imekufa. Mwajiri akishapewa notisi ya kutaka kutambuliwa ana siku 30 za kukutana na chama. Akinyamaza, pelekeni mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), msingoje mwakani. Mkataba unaanza kubana pale saini ya mwisho inapowekwa, labda wenyewe useme vingine, na sheria haidai kura ya wanachama. Hapo ndipo watu wanaumizwa: tawi la chama linaletewa nakala iliyokwisha kusainiwa, posho ya usiku imeandikwa “kadiri hali itakavyoruhusu”, bila shilingi wala tarehe. Je, katiba ya chama chenu inalazimisha rasimu isomwe mkutanoni kabla ya saini?